Usimuulize Mtoto Kama Ana Kipaji

Chumbageni, Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Maembe yameanza kuanguka, na watoto wa jirani hawatuachi tukalala mchana. Juzi uliniuliza kwenye simu kama umlipie kijana wako ada ya akademi ya mpira, kwa kuwa kocha amekwambia ana mguu wa kushoto wa hatari. Nikakujibu kifupi. Lakini kabla hujakata ulisema neno jingine kwa kupita tu, kwamba mdogo wake wa kike ni mzito, hana kipaji cha michezo, kwa hiyo yeye humsumbui. Hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu. La akademi ni la fedha, na hili ni la maisha ya mtu.

Nimefundisha michezo shule za msingi hadi nikastaafu. Nimewaona waliorudi na vikombe vya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na leo baadhi yao wakipanda ngazi za benki inabidi wasimame katikati wavute pumzi. Nimewaona pia waliokuwa wa mwisho katika kila mbio, ambao sasa wana miaka hamsini na kitu na wanatoka Pongwe hadi mjini kwa baiskeli bila kulalamika goti. Ukiniuliza mtoto afundishwe nini, basi, simtazami atakavyokuwa akiwa na miaka 12. Namtazama akiwa na miaka 60.

Binti yako ana miaka minne. Kwa umri huo hakuna mwenye kipaji wala asiyenacho. Kuna aliyefundishwa na ambaye bado. Watu wanadhani kukimbia, kuruka na kudaka huja vyenyewe kama meno. Hapana. Mtoto atakimbia, ndiyo, lakini namna ya kutua chini bila kuumia, kurusha kwa kutumia mwili mzima, kubingirika, kuning'inia, kusimama kwa mguu mmoja, kuelea majini, hayo asipoyapata utotoni huyakwepa ukubwani. Na anayeyakwepa hujiita mvivu, kumbe anaona haya tu.

Huko Uingereza kuna mwalimu wa elimu ya viungo, Margaret Whitehead, ambaye tangu miaka ya 1990 amelishikilia jambo hili, na nchi kadhaa zimeingiza mawazo yake katika mitaala. Anasema mtu hubaki mchangamfu wa mwili maisha yake yote akiwa na mambo manne kwa pamoja: mwili unaoweza, kujiamini, hamu, na kuelewa kwa nini anafanya, ili mwenyewe ajione ndiye mwenye dhamana ya mwili wake. Shule zetu nyingi zinahangaika na hilo la kwanza peke yake, tena kwa watoto kumi na mmoja waliochaguliwa, huku mia tatu wakikaa pembeni kupiga makofi.

Enzi zenu mkiwa wadogo mtaa ulifanya kazi ya mwalimu. Rede iliwafundisha kulenga na kukwepa, kombolela kukimbia ghafla na kugeuka, kamba kuruka kwa mpigo, na mdako ulifunza jicho na vidole kwenda sawa. Hakuna aliyeandaa somo. Leo wajukuu zangu wako ghorofa ya tatu Sinza, chini bodaboda zinapita kila upande, na mimi sikulaumu kwa kuwafungia. Ila ujue kwamba kazi iliyofanywa na mtaa sasa imekuangukia wewe na baba yao.

Anza na kudaka, maana ndiko watoto wengi wanakovunjika moyo. Usichukue mpira wa dukani. Chukua soksi kuukuu, zikunje ziwe donge laini lenye ukubwa wa danzi. Simama hatua mbili mbele yake, mwambie akinge viganja kifuani, vidole vimetanuka. Rusha taratibu, kwa chini, uelekee kifuani pake. Mtazame macho: mtoto aliyewahi kupigwa na mpira usoni hufumba macho kabla haujafika, na aliyefumba macho hadaki hata umrushie mara mia. Ukiona hivyo, badilisha. Mpe puto, maana puto lina subira, linashuka polepole na haliumizi. Akishadaka puto, rudini kwenye soksi, halafu ongeza hatua moja nyuma. Baada ya hapo adake akiwa anatembea. Kosa la wazazi ni kuongeza umbali siku ileile mtoto anapofaulu mara ya kwanza. Mwache afaulu hadi achoke kufaulu.

Kurusha ni kinyume chake, kunataka nguvu tangu mwanzo. Mwambie arushe mbali kadiri awezavyo, usimwambie alenge. Anayetumia mkono wa kulia atangulize mguu wa kushoto, ageuze ubavu kwa anakorusha, mkono uanzie nyuma ya sikio. Watoto wa kike wengi hurusha kwa kiwiko peke yake, na watu huchekelea wakisema ndivyo wanawake walivyo. Ni kwamba hakuna aliyewasimamisha akawaonyesha mguu upi utangulie.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani limetoa miongozo yake. Mtoto wa umri wa binti yako anatakiwa ajongee dakika 180 kwa siku, zikiwamo 60 za kuhema hasa, asifungwe kwenye kiti zaidi ya saa moja mfululizo, na skrini isizidi saa moja kwa siku. Kaka yake, wa miaka saba, anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kumtoa jasho, na angalau siku tatu kwa wiki awe na michezo ya kukaza misuli na mifupa, yaani kuruka, kupanda, kuvuta. Mifupa ya uzeeni hujengwa sasa. Sehemu kubwa ya akiba yake huwa imekwisha kuwekwa kabla mtu hajamaliza ujana. Lakini usikae na saa mkononi. Mtoto akiona unahesabu, mchezo umekwisha.

Sasa niseme linaloniudhi, na nimelisema katika ofisi za walimu hadi wakanichoka. Mtoto akichelewa namba, anaruka kichurachura. Akikosa hesabu, pushapu. Akizungumza darasani, anazunguka uwanja. Mwalimu yuleyule Ijumaa anamwambia mazoezi ni afya! Tunachukua kitu tunachotaka mtoto akipende hadi uzeeni, tunakigeuza adhabu miaka yote ya shule ya msingi, kisha tunashangaa mtu mzima akisikia neno mazoezi anaona kama anadaiwa. Linganisha na mchakamchaka. Ulikuwa unachosha kuliko kichurachura, asubuhi, tumbo tupu, na bado hakuna aliyeukimbia, kwa sababu kulikuwa na wimbo, kulikuwa na wenzako, na hakuna aliyekuwa amekosa. Kaulize shuleni kwa kijana wako kama wanaadhibu kwa mazoezi. Uliza kwa adabu, ila uliza. Nyumbani kwako nako liwe mwiko. Na usimpe keki kama tuzo ya kukimbia, maana hiyo nayo inamfundisha kwamba kukimbia ni mateso yanayohitaji fidia.

Nirudi kwenye akademi. Kama ada haikubani, na uwanja hauko mbali, mpeleke siku mbili kwa wiki, basi. Siku tano kataa hata kocha akikasirika. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja kabla hajafika miaka 15 au 16, kwa sababu anayerudia mjongeo uleule mwaka mzima huumia visigino na magoti yangali yanakua, na wengi huchoka wakaacha kabisa. Huo mguu wa kushoto hautaibiwa. Siku nyingine apande mti kwa babu yake, aogelee, acheze ngoma harusini, aendeshe baiskeli. Na kocha anayemtukana mtoto mbele ya wenzake, hata kama timu yake inashinda kila Jumamosi, mtoe huko siku hiyohiyo.

Kwa binti yako mapambano yatakuja baadaye kidogo, akifika darasa la tano au la sita. Hapo ndipo wasichana wengi huacha kucheza, na watu wanasema wamekua. Ukichunguza utakuta sketi inapepea na wavulana wanacheka, au siku zake zimeanza na hana pa kujisitiri shuleni, au kaka yake katoka uwanjani na yeye kaitwa kuosha vyombo. Yote haya yana dawa. Bukta chini ya sketi, pedi kwenye begi, na zamu ya vyombo iwe ya wote wawili. Neno "tulia, wewe mtoto wa kike" nisilisikie kwako. Mama yako, dada yangu, aliambiwa sana.

Kuogelea je? Watasema si heshima. Huko Nungwi, Unguja, kuna Panje Project, wanaowafundisha wasichana na akina mama kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kusitiri mwili mzima. Waanzao hushika madumu matupu ya plastiki ili waelee kwanza, hofu itoke. Watu wa visiwa na pwani huzaliwa wakiisikia bahari, na bado wanawake wengi miongoni mwao hawajui kuelea! Mtu aliyejifunza kuelea utotoni ana mazoezi hata siku magoti yatakapokataa kukimbia.

Na wewe mwenyewe? Unaondoka Sinza asubuhi, unakaa kwenye gari, unakaa ofisini, unarudi umekaa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa kukata tiketi, walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokuwa kwenye basi lilelile, wamekaa. Kwa mtu mzima Shirika la Afya linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo, na siku mbili za kukaza misuli. Wewe shuka mwendokasi pale Fire, tembea hadi Posta, viatu vya ofisini viwe kwenye mkoba. Jimu si lazima. Usiniambie kuhusu jua. Asubuhi saa moja jua bado lina huruma.

Halafu rudisheni mkeka sebuleni. Sisemi kwa kupenda ya kale. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi walifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ikaonekana wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, muda unaokaribiana na wa watu wa mijini. Tofauti ni kwamba sehemu ya muda huo wanachuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogokidogo, wakati kochi linailaza yote. Nako Brazili, mwaka 2012, madaktari walichapisha kipimo rahisi walichowapa watu wa miaka 51 hadi 80: kaa chini, kisha inuka, bila kushika kitu. Kila unapoegemea mkono au goti unapunguziwa alama. Waliopata alama chache walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Hiyo ni dalili, si uchawi. Hufi kwa sababu umeegemea mkono. Ila anayekula mkekani, anayesujudu mara tano kwa siku, anayechuchumaa kuchambua mchele, amefanya kipimo hicho tangu utotoni bila kujua ni kipimo. Watoto wale chini angalau chakula cha usiku, nanyi mkae nao. Babu yao mmoja hapa Chumbageni bado anainuka mkekani bila kushika ukuta, na mkaza mjomba wako ananizidi, ingawa hapendi niseme.

Mwambie mumeo naye asome. Baba akicheza na mtoto dakika ishirini, hata kwenye ukumbi wa ngazi, mtoto hasahau, na baba mwenyewe anapungua kitambi. Jumapili wapelekeni Coco Beach mapema, wakimbie mchangani pekupeku kabla umati haujaja.

Desemba walete wote wawili, wakae wiki tatu. Nimeshatazama bahari itakavyokuwa, maana Raskazone huogelei maji yakiwa yametoka. Kijana nitamfundisha mti na kamba, binti nitamfundisha kuelea. Madumu ninayo manne. Na wewe uje na nguo ya kuogea, usinitolee visingizio vya nywele. Ukikata tiketi, kata basi la asubuhi, na uniambie mapema nimtume mtu stendi ya Kange kuwapokea.

Wasalaam,
Mjomba wako