Ndege ya Kwanza ya Rimoti: Tuliyojifunza Nyumbani Kwetu



Likizo ikikaribia, kila nyumba ina mtoto anayetaka kitu. Mwaka juzi kijana wetu, aliyekuwa na miaka 13, alitaka ndege ya kurusha kwa rimoti. Pesa hakutuomba. Alikuwa ameweka pesa zake za Idi kwa miaka 2, franka juu ya franka, ndani ya kopo la maziwa.

Sisi wazazi wake hatukuwa na ugomvi na mchezo wenyewe. Hofu yetu ilikuwa moja tu: akiba ya miaka 2 isije ikaisha kwa sekunde 10. Gari la rimoti likikushinda, unaachia rimoti nalo linasimama. Ndege haisimami angani. Na mtoto akivunja chombo chake siku ya kwanza, mara nyingi na hamu yake huvunjika hapo hapo.

Basi kabla ya kuagiza chochote, tulikaa mwezi mzima tukisoma na kuuliza, baba, mama na mtoto. Tunawaandikia tuliyoyapata, huenda yakafaa familia nyingine.

Anayoipenda na itakayomfundisha

Kijana alikuwa amekwisha kuchagua. Aliipenda Spitfire, mfano wa ndege ya kivita ya Uingereza ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kweli inapendeza. Lakini mabawa yake yako chini ya kiwiliwili, hivyo ikilala upande haina haraka ya kujirudi yenyewe. Inangoja amri ya mrushaji. Tena inataka kasi. Ukipunguza mwendo kupita kiasi, bawa moja linaacha kubeba na ndege inapinduka kabla hujajua la kufanya.

Ndege ya mwanafunzi imeundwa kinyume cha hayo. Mabawa yako juu, uzito unaning'inia chini yake kama kikapu. Ncha za mabawa zimeinuliwa kidogo, ili ndege ikiinama upande mmoja, bawa lililoshuka libebwe zaidi na hewa na kuirudisha sawa. Inaruka polepole. Ukichanganyikiwa unaachia vidole, nayo inajisawazisha. Mfano wake ni EasyStar ya kampuni ya Multiplex ya Ujerumani, ambayo mota yake imewekwa juu, nyuma ya mabawa, ili pua ikigonga chini propela isalimike.

Tulipomwonyesha picha ya ndege ya aina hiyo, kijana alikunja uso. "Baba, hii si kama kunguru?"

Mama yake akamjibu, "Na kunguru umewahi kumwona akianguka?"

Hatukumlazimisha, kwa sababu pesa zilikuwa zake. Tulimwambia jambo moja: ukianza na kunguru, Spitfire utaifikia. Ukianza na Spitfire, huenda usifikie hata kunguru. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaja na kopo lake: "Haya, kunguru."

Mambo tuliyoyatazama

1. Mkia unaofanya kazi. Vijana wengi wamesikia habari za Abbas ibn Firnas wa Cordoba, Andalusia, katika karne ya 9. Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17, anasimulia kwamba alijivika manyoya na mabawa akaruka, lakini wakati wa kutua akaumia mgongo, kwa kuwa hakujitengenezea mkia. Zipo ndege za bei rahisi zenye mota 2 ambazo mkia wake hausogei. Hukata kona kwa mota moja kuzidi nyingine kasi. Hizo ni za kuchezea tu, mtoto hajifunzi kutua. Kwa kuanzia zinatosha amri 3: nguvu ya mota, kupanda na kushuka, na kukata kona.

2. Ukubwa. Ndege ndogo kama kiganja hupeperushwa na upepo, na ikienda mbali kidogo huioni imeelekea wapi. Mabawa yenye upana wa mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ncha hadi ncha yanafaa.

3. Sponji ngumu. Ndege za mbao nyepesi ni nzuri, ila zikianguka ni kazi ya wiki nzima. Ya sponji ngumu hutengenezwa kwa gundi na vijiti vya mishikaki.

4. Kilichomo kwenye boksi. Nyingine huuzwa kamili, nyingine bila rimoti, nyingine bila betri na chaja. Bei ndogo inaweza kuwa ya kiwiliwili peke yake. Soma yote kabla ya kutuma pesa, na uliza kama mabawa, mkia na propela za akiba zinapatikana.

5. Betri. Nyingi hutumia betri za lithiamu, nazo si za kuchezea. Kila seli ikijaa ina volti 4.2, na haifai kushuka chini ya volti 3. Kwetu huchajiwa kwenye sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, na mtu mzima akiwa macho. Umeme ukikatika tunatumia betri ya gari, kwani chaja tuliyochagua inakubali volti 12. Jamaa yetu aliyetuletea mzigo kutoka Dubai alizibeba betri za akiba kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege.

6. Ruhusa na uwanja. Tuliuliza wahusika wa usafiri wa anga kabla ya kuagiza, nasi tunawasihi mfanye hivyo, kwa sababu kila nchi ina masharti yake. Kisha tulitafuta uwanja wa majani ulio mbali na uwanja wa ndege, nyaya za umeme na watu. Propela ndogo inakata kidole.

Siku ya kurusha

Hapa Bujumbura upepo wa ziwa huamka jua linapopanda, kwa hiyo tulikuwa tukitoka mapema baada ya Alfajiri. Kwanza tuliibeba ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, pale ambapo kitabu chake kinaonyesha, kuhakikisha inakaa sawa bila mkia kushuka. Mahali hapo kwa kawaida ni robo hadi theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka mbele. Kisha tulijaribu kila amri ikiwa bado chini. Halafu mama akairusha kwa mkono kuelekea upepo.

Ilipanda. Kijana aliiweka juu, kwa kuwa juu ndiko kwenye muda wa kusahihisha kosa. Dakika 7 zilipotimia aliishusha kwenye majani, mota imezimwa.

Mara ya tatu ilianguka. Ndege ikija kwako, kushoto kwake kunakuwa kulia kwako. Bawa lilishuka, akabonyeza upande usio wenyewe, likashuka zaidi. Pua ikaingia udongoni. Dada yake wa miaka 10 alikimbia kuokota vipande, naye amesimama na rimoti, midomo inamcheza.

Jioni hiyo walikaa barazani na gundi. Pua ilirudi imepinda kidogo, lakini ilirudi. Dada mtu ndiye aliyemfundisha kanuni aliyoisoma: ndege ikija kwako, sukuma rimoti upande wa bawa lililoshuka, kana kwamba unaliwekea nguzo. Wiki iliyofuata iliruka. Leo wanapokezana, na kopo la maziwa lina akiba mpya, kwa ajili ya Spitfire.

Wazazi wenzetu, mtoto akitaka ndege ya kwanza, msiangalie ipi nzuri zaidi dirishani. Angalieni ipi itampa nafasi ya kukosea akaendelea, na ipi mnaweza kuitengeneza wenyewe kwa vitu vya nyumbani. Kila atakayejifunza kuruka ataanguka. Muhimu ni kwamba kuanguka kwa kwanza kusiwe ndiyo mwisho wa safari. Na mwachieni mtoto neno la mwisho, baada ya kumweleza yote. Kunguru aliyemchagua mwenyewe alimtunza kuliko tunavyodhani angeitunza zawadi yoyote.

Wabillahi tawfiq.