Wanafunzi wa Fildi na Viti Vyetu

Nilipoanza kazi kwenye karakana ya viti mwendo hapa Moshi, mwanafunzi wa fildi alikuwa mtu wa kupiga msasa, kupaka rangi na kushika ncha ya pili ya bomba fundi akichomelea. Shirika letu ni dogo, linaishi kwa misaada, na vyuo vikikaribia likizo tulijua watakuja: wa ustawi wa jamii na kitabu cha fildi kitupu, wa ufundi na ovaroli linalonuka duka. Wa TATCOT peke yao, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza 1981 pale hospitali ya KCMC, ndio waliofika wakijua nyonga ya mtu inavyokaa.

Siku kubwa ilikuwa ya ugawaji. Kontena la viti vilivyotumika likifika kutoka Ulaya, tunavishusha, tunavipangusa, uwanja unajaa watu, mgeni rasmi anahutubia, kisha kila mtu anakalishwa kwenye kiti kilicho mbele yake. Wanafunzi waliandika majina na kupiga picha. Ripoti za fildi za miaka hiyo zilikuwa nene, na msimamizi kutoka chuoni aliondoka na uso mkunjufu.

Vile viti lakini vilikuwa vya hospitali, vimetengenezwa kwa korido za vigae. Magurudumu madogo ya mbele yalizama kwenye vumbi hatua chache tu kutoka uwanjani. Mtoto wa miaka saba alikabidhiwa kiti cha mtu mzima, akaegemea upande mmoja mpaka mgongo ukazoea kupinda.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo kwa nchi zenye uwezo mdogo, na 2012 likafuatia na mafunzo ya hatua nane, tangu mtu anapoelekezwa kwenye huduma hadi matengenezo na ufuatiliaji. Kukabidhi kiti hakukuwa tena mwisho wa kazi. Fundi wetu mkuu hakushangaa; alikwisha kusomea viti pale TATCOT, kwenye kozi iliyoendeshwa pamoja na shirika la Motivation la Uingereza. (Motivation yenyewe ilizaliwa na mchoro wa wanafunzi: David Constantine, ambaye mwenyewe hutumia kiti mwendo, na Simon Gue waliubuni wakiwa chuo cha sanaa London. Mwanafunzi si wa kudharau.) Fundi akanunua futikamba za washonaji, akampa kila wa fildi ya kwake, hata wa ustawi wa jamii aliyedhani amekuja kujaza fomu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa tamu. Unapima upana wa nyonga. Unapima paja, kutoka makalio hadi nyuma ya goti, kisha unapunguza sentimita 3 hadi 6 ili ukingo wa kiti usibane damu. Mtu akishakaa juu ya mto, mwanafunzi anaomba ruhusa na kupenyeza vidole chini ya mfupa wa kukalia. Ncha za vidole zikiweza kuinuka na kushuka, mto unafaa. Zikibanwa kabisa, kidonda kiko njiani, na aliyeumia uti wa mgongo hatausikia mwanzo wake. Vidonda hivyo huua. Nimeona vijana wenye kelele nyingi wakinyamaza wakati wa kipimo hicho.

Ufuatiliaji ulitufundisha zaidi. Binti mmoja wa ustawi wa jamii alikwenda kumtembelea mama tuliyempa baiskeli ya kunyonga kwa mikono, akaikuta chini ya mgomba imewekewa madumu. Barabarani ilikwenda vizuri. Ndani ya nyumba haikuingia. Amos Winter, mwanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani aliyekuja Tanzania 2005 kuchunguza viti mwendo, alikutana na tatizo hilohilo. Kiti alichobuni na wenzake, cha kusukuma kwa nyenzo mbili na kutumia vipuri vya baiskeli, kilijaribiwa Afrika Mashariki, na watumiaji wakasema bila haya kwamba ni kizito na kipana mno kwa ndani. Walikipunguza uzito na upana kabla ya kukijaribu tena Guatemala. Binti wetu hakubuni kitu. Alipima mlango wa choo cha yule mama, akarudi na namba.

Kinachonikera sasa ni muda. Wiki nane zinatosha kupima na kukalisha, hazitoshi kuona sponji ya mto ikichoka. Fomu za baadhi ya vyuo nazo bado zinauliza idadi ya vifaa vilivyotolewa, na msimamizi mmoja alikaribia kumkata kijana alama kwa kuandika vinne. Tumeviomba vyuo kundi jipya likija lianze na daftari la kundi lililotangulia, na waende kwa watu walewale kabla ya kugusa bomba. Chuo kimoja kimekubali. Kingine kinasema wanafunzi wake watakosa kitu kipya cha kuandika.