Barua ya Kufunga Shule

Wapenzi wa lugha, tumezoea katika ukumbi huu kupimiana mizani ya mashairi na kubishania vina vya kati. Leo naomba ruhusa niwapeleke kwenye utanzu ambao sijaona mhakiki akiugusa, ingawa huingia katika nyumba ambazo diwani zetu hazijapata kuingia. Nao ni barua ya kufunga shule: ile karatasi moja, pengine mbili, anayopewa mtoto siku ya mwisho ya muhula pamoja na ripoti ya maendeleo yake, naye akaikunja mara nne na kuisukumia chini ya madaftari.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi siku niliyokabidhi chaki, wakuu wangu wa shule waliniachia kazi ya kuandika barua hizo, kwa hoja kwamba mwalimu wa lugha hana udhuru. Sasa nimestaafu, naishi Morogoro, na wajukuu wangu wawili wanasoma katika shule ya msingi ya Kikatoliki mjini hapa. Nimehamia upande wa pili wa barua: niliyekuwa mwandishi nimekuwa msomaji. Na ukitaka kuyajua maandishi kwa utamu na uchungu wake, yasome ukiwa wewe ndiwe unayedaiwa.

Umbo la barua hii kwa Kiswahili linajulikana. Juu kuna anwani na kumbukumbu namba. Chini yake kuna kichwa cha habari kwa herufi kubwa: KUFUNGA SHULE MUHULA WA KWANZA. Katika shule za Kanisa Katoliki hutangulia salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo", na mlezi aliyeizoea hujibu moyoni "Milele, amina" kabla hajafika mstari wa pili. Kisha huja ile sentensi ambayo nimeipigia kalamu nyekundu maisha yangu yote: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Mtu huhusika mwenyewe na jambo, kumwamuru ahusike ni kama kumwamuru apendeze. Baada ya hapo vipengele hupangwa kwa namba: tarehe ya kufunga na ya kufungua, ada iliyobaki, sare, kunyoa nywele, kazi za likizo, nauli ya basi la shule, Misa ya shukrani, mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, mahafali ya darasa la saba.

Karatasi hiyo, kavu kama inavyoonekana, imebeba maneno yenye kina. Muhula ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na halihusu shule peke yake. Mwenye deni naye huomba muhula, yaani apewe nafasi ya kujikusanya. Ada kabla ya kuwa fedha ilikuwa desturi. Ndiyo maana wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Na lile neno linalobanwa nyuma ya mkwaju, "mzazi/mlezi", kana kwamba mlezi ni wa akiba, ndilo lenye uzito mkubwa kuliko mwenzake. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nikiandika mimi, mkwaju huo huuondoa. Mtoto yeyote anayefika shuleni asubuhi akiwa amekula na amefuliwa shati ana mlezi, na huyo ndiye anayeandikiwa.

Barua niliyokuwa nikiipokea kwa wajukuu wangu, hata hivyo, haikuwa na hata neno moja kati ya hayo. Iliandikwa kwa Kiingereza, toka anwani hadi sahihi. Shule yenyewe hufundisha kwa Kiingereza, kama shule nyingi za binafsi zilizofunguliwa tangu miaka ya 1990, ilhali shule za msingi za serikali zimekuwa zikifundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Mimi Kiingereza nakisoma. Jirani yangu hakisomi.

Jirani huyu ni bibi mwenye umri wa miaka 70 na ushei, anayelea mjukuu aliyefiwa na mama. Mtoto alikuwa darasa la nne katika shule hiyo hiyo, ada ikilipwa na mjomba wake aliye mbali. Mwezi Juni, shule ilipofungwa, bibi alifika barazani kwangu na bahasha mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi.

"Mwalimu," akasema, "nitazamie hapa shule inafunguliwa lini. Huyu ananiambia Jumatatu ya pili ya Julai. Wenzake naona wanajiandaa mapema."

Nikasoma. Tarehe aliyoitaja mtoto ilikuwa ya shule nzima, lakini darasa la nne walitakiwa kurudi wiki moja kabla, kwa masomo ya kujiandaa na upimaji wa kitaifa. Mkalimani wetu alikuwa ameifuta wiki hiyo kwa hiari yake. Jambo la kitoto, nasi tukacheka. Kisha nikafungua ripoti. Chini kabisa, baada ya jedwali la alama, mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwa mkono mistari mitatu: kwamba mtoto haoni vizuri ubaoni, kwamba amehamishiwa dawati la mbele bila mafanikio, na kwamba apelekwe kupimwa macho wakati wa likizo. Mistari hiyo mtoto hakuifuta. Hakuielewa, akairuka, akamsomea bibi yake alama tu. Na kwa kuwa alama za Hisabati zilikuwa za chini, alikuwa amekwisha kuchapwa kwa uvivu.

Bibi alinyamaza kitambo. Halafu akauliza, "Kwa hiyo wao walijua?"

Ndiyo, walijua, na walimwambia. Walimwambia kwa lugha ambayo ndani ya nyumba ile aliijua kidogo mtu mmoja tu, naye ni yule yule aliyekuwa akizungumziwa.

Naomba hapa nisieleweke vibaya: bibi huyu si mtu asiyejua kusoma. Ni mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, wa miaka ile baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Anavikumbuka vikundi vya kusikiliza redio vya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, walivyochimba vyoo na kufyeka nyasi. Huyasoma masomo ya Jumapili kabla ya kwenda kanisani; husoma risiti na maelekezo ya dawa. Taifa lilitumia jasho jingi kumtoa katika giza la kutojua kusoma, naye akatoka. Barua ile ya ukurasa mmoja ilimrudisha huko, na kumfanya amtegemee mtoto wa miaka 10 kujua mambo ya nyumba yake mwenyewe.

Linalonigusa zaidi ni kwamba jambo hili linatokea katika shule ya Kanisa Katoliki, Kanisa ambalo historia yake katika pwani hii limeiandika kwa Kiswahili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua shule, na mmoja wao, Charles Sacleux, akatuachia kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1939. Nilipokuwa mtoto, wazee bado walikuwa wakiitikia Misa kwa Kilatini, wengine bila kujua wanaitikia nini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifungua mlango kwa lugha za watu, nasi tukaanza kumsikia padre akisema nasi. Kanisa liliona kwamba heshima ya Kilatini haitoshi kama muumini haelewi. Iweje Misa ya shukrani ya kufunga shule isaliwe kwa Kiswahili, na barua ya kutualika kwenye Misa hiyo hiyo iandikwe kwa Kiingereza?

Swali hilo nililiuliza katika kikao cha wazazi mwezi Julai. Mkuu wa shule, ambaye ni mtawa, alinijibu kwa upole na kwa ukweli: "Mwalimu, wazazi wanalipa ada ili watoto wajue Kiingereza. Tukiwaandikia Kiswahili watasema hata sisi hatukijui." Baba mmoja, fundi pikipiki, akaongeza maneno ambayo hayajanitoka: "Mimi nimemleta mwanangu hapa ili asiwe kama mimi. Barua ikija kwa Kiingereza nafurahi, hata kama siielewi."

Hoja hizi si za kupuuzwa. Barua ya Kiingereza ni kibao cha shule. Humwambia fundi kwamba fedha yake haijapotea. Nilimjibu kwamba Kiingereza cha mtoto wake kimo ndani ya daftari la mtoto, na huko ndiko akakitafute. Barua haiandikwi kumpima mtoto wala mlezi. Huandikwa ili watu wazima wawili wanaomlea mtoto mmoja, wa shuleni na wa nyumbani, wapashane habari zake. Nilisimulia pia kisa cha macho, bila kumtaja mtu. Ukumbi ulitulia. Ikaamuliwa kwamba tangu muhula uliofuata barua iwe na kurasa mbili, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na maoni ya mwalimu wa darasa yaandikwe kwa Kiswahili.

Kabla shule haijafungwa Desemba, rasimu ya ukurasa wa Kiswahili ililetwa kwangu niikague. Wapenzi wa lugha, mngeiona! Ilikuwa Kiingereza kilichovaa kanzu. "Tafadhali pata kilichoambatanishwa," ilisema, kana kwamba kiambatisho kimepotea. "Tunatazama mbele kuwaona." "Hii ni kuwakumbusha kwamba." Na kila kitenzi kilikuwa katika kauli ya kutendwa: mnatakiwa, mnaagizwa, inasisitizwa. Nani anataka? Nani anaagiza? Kauli hiyo ni kichaka kizuri cha kujifichia, na msomaji huhisi kwamba kuna mtu kichakani. Kukumbusha ni kumfanya mwenzako akumbuke. Ni tendo la watu wawili wanaojuana. "Mnakumbushwa" humwondoa mmoja wao na kubakiza kidole kinachonyooshwa.

Nilikaa na mkuu wa shule na mhasibu asubuhi nzima. Mhasibu alishikilia kwamba tarehe ya mwisho ya kulipa ada ibaki kwa herufi nzito, nasi tukakubali, kwa kuwa walimu nao hula. Mengine tuliyaandika upya, moja kwa moja kwa Kiswahili, bila kutazama ule ukurasa mwingine. Sehemu yake ni hii:

"Tumsifu Yesu Kristo. Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha salama mwisho wa mwaka. Shule itafungwa Ijumaa baada ya Misa ya shukrani, itakayoanza saa tatu asubuhi. Karibuni tusali pamoja. Mtoto wa bweni aondoke na mtu mzima tunayemfahamu. Ukimtuma ndugu, tupigie simu mapema utuambie jina lake. Aliyebakiwa na ada aje tuzungumze kabla ya tarehe ya kufungua. Asimfiche mtoto nyumbani. Sare iliyombana usiitupe, tuletee tumpe mwingine. Na ripoti isome mpaka mwisho. Maneno ya mwalimu wa darasa yako chini ya alama, na huenda yakawa na uzito kuliko alama zenyewe."

Hakuna tamathali hapo, wala kina. Lakini ni Kiswahili kinachosemwa na mtu kumwambia mtu. Mtoto wa jirani yangu, kwa taarifa yenu, alipelekwa hospitali likizo ile ile ya Juni, akapewa miwani. Hisabati bado inampa taabu, ila sasa taabu hiyo ni ya Hisabati.

Nina ombi kwa washairi wanaosoma hapa. Shule zetu hutukumbuka mahafali yanapokaribia. Hutuomba ngonjera, ule utanzu alioueneza marehemu Mathias Mnyampala, Mkatoliki aliyetunga tenzi za Enjili na Zaburi, nasi tunatunga, watoto wanaghani, wageni wanapiga makofi. Kazi hiyo ni njema na tusiiache. Lakini baada ya makofi, karatasi inayokwenda nyumbani huachwa mikononi mwa yeyote aliye karibu na kompyuta. Kila mmoja wetu ana shule jirani, ya parokia, ya msikiti au ya serikali. Nenda kwa mkuu wa shule umwambie: nipe rasimu yenu ya barua ya kufunga shule, nitaisoma bila malipo. Itakuchukua saa moja.

Mizani yake ni nyepesi kuliko ya utenzi. Mlezi akimaliza kusoma, ajue afanye nini kesho asubuhi, na ajue kwamba aliyemwandikia anamheshimu. Muhula unafungwa mwanzoni mwa Desemba. Muda upo.