Kutoka Kiomboi hadi Ziwa Natron: Mpango wa Safari na Maswali ya Uraia

Mpango wa safari ni waraka wa kisiasa, hata kama mwandishi wake hakukusudia hivyo. Humo utaona barabara imepita wapi, bei imewekwa kwa ajili ya nani, nani amepewa taarifa na nani ameachwa aulize kwa majirani. Nimeliona hilo kwa majuma kadhaa hapa nyumbani Kiomboi, nikipanga pamoja na mpwa wangu safari ya siku nne kwenda mwambao wa Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiswahili. Amelichora Bonde la Ufa mara nyingi kuliko alivyochora nyumba yao, lakini hajawahi kukaribia mlima wa volkeno ulio hai. Kwetu Iramba miamba ni ya kale, mikubwa, iliyotulia. Ukisimama kwenye ukingo wa uwanda wetu wa juu unaitazama mbuga ya Wembere imetandaa chini. Huko tuendako ardhi bado inajitengeneza.

Ol Doinyo Lengai, jina la Kimaasai lenye maana ya Mlima wa Mungu, ni volkeno pekee duniani iliyo hai na inayotoa lava yenye wingi wa kaboneti za sodiamu. Lava hiyo hutoka ikiwa nyeusi na nyepesi kama mafuta machafu, haina joto kali kama lava ya kawaida, na ikikutana na unyevu hugeuka kuwa nyeupe. Ziwa lililo kaskazini mwake lina kina kifupi na magadi makali, na ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo, ambao wengi wetu twawaita flamingo, katika Afrika Mashariki. Mwaka 2001 liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zinazotambuliwa na Mkataba wa Ramsar. Karibu na kijiji cha Engaresero kuna nyayo zaidi ya 400 za binadamu wa kale, zilizogandamana katika majivu ya volkeno. Mkazi wa eneo hilo alizijua kabla ya wataalamu kuja kuzipima.

Kukusanya maarifa haya hakukuwa kugumu. Kugumu kulikuwa kuyapata kwa namna inayomfaa Mtanzania mwenye mfuko wa kawaida. Bei nyingi tulizokutana nazo ziliandikwa kwa dola, kwa siku, kwa mtu, pamoja na gari na mpishi. Mpwa wangu alifungua daftari akaanza upya kwa shilingi: nauli ya Kiomboi hadi Singida, Singida hadi Makuyuni, Makuyuni hadi Mto wa Mbu, kisha zaidi ya kilomita 100 za kupita Engaruka, ambako magari ya abiria ni machache na ada hutozwa njiani. Tulikubaliana kwenda Julai, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Tulikubaliana pia kutoupanda mlima. Wanaoupanda huanza usiku wa manane ili kulikwepa jua, na mimi umri huo umenipita. Tutatembea ufukweni.

Mgeni anayenunua safari hii hupewa ukurasa mzima wa tahadhari: avae viatu gani, abebe maji kiasi gani, asikaribie kreta akiwa peke yake, aulize hali ya mlima kabla ya kuondoka. Tahadhari hizo ni njema. Lakini ramani ya mpwa wangu ilinifanya nijiulize kuhusu watu wengine, kwa maana barabara ya lami itokayo Singida kwenda Babati inapita Katesh.

Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima Hanang yakaivamia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Hanang nao ni mlima wa volkeno, ingawa umelala, na Serikali ilieleza mapema kwamba haukulipuka: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikameguka. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha ziara yake akarudi nyumbani.

Mpwa wangu alikuwa ameandika: siku ya kwanza, kulala Katesh. Dada yangu alipousoma mpango huo aliliweka daftari mezani.

"Kaka, huko watu walizika. Msiba hauendewi kwa matembezi."

"Mama, hatuendi kutembea," binti akajibu. "Mjomba anataka nione mlima ulivyomeguka."

"Na wenyewe wataonaje, wewe ukiusimamia mlima wao na kuutazama?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulizungumza hadi jioni. Mwishowe dada aliridhia kwa masharti: tulale, tuwasalimu wenyeji kama wapita njia, tusipige picha, na tusimuulize mtu habari za wafu wake. Nadhani masharti hayo yana adabu kuliko miongozo mingi ya utalii niliyoisoma.

Hata hivyo swali la binti lina uzito wake. Miezi michache kabla ya maafa yale, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetabiri kwamba mvua za vuli za mwaka 2023 zingekuwa juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Utabiri ulitolewa, ukasomwa redioni, ukatimia. Tulijua kwamba mvua kubwa inakuja. Lakini kati ya sentensi isemayo "mvua itazidi wastani" na sentensi isemayo "nyumba zilizo kando ya korongo hili zihame usiku huu" kuna kazi kubwa ya kutafsiri. Kazi hiyo inamtaka mwanajiolojia aliyeutembea mteremko, ofisa wa wilaya mwenye ramani ya makorongo, na mwenyekiti wa kitongoji anayejua nani analala wapi.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi ya kijiji. Ninyi watumishi wa umma mnaonisoma mnajua tofauti ya kamati iliyo kwenye jalada na kamati iliyowahi kukaa. Ninawauliza bila kejeli: katika kijiji unachokihudumia, kamati hiyo ina wajumbe gani? Imewahi kutembea kando ya mto wakati wa kiangazi, kutazama maji yatapita wapi masika yakija?

Huenda mtu akasema kwamba elimu ya miamba ni ya wataalamu, na mwananchi atosheke kuambiwa. Historia ya Natron yenyewe inapinga. Mwaka 2007 matetemeko ya ardhi yaliitikisa kaskazini ya Tanzania, na baadaye Lengai ukalipuka kwa majivu. Wafugaji walioishi chini yake waliuona mlima ukibadilika, na baadhi yao wakahamisha mifugo. Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na mpango wa kiwanda cha kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka kutoka ziwani. Mjadala ulikuwa mkali, kwa kuwa kulikuwa na watu walioweza kueleza ziwa linaishije, heroe wanazaa wapi na maji matamu yanatoka wapi. Mwaka 2008 kampuni ya Tata Chemicals ilijitoa. Mtu anaweza kuunga mkono kiwanda au kukipinga. Ninalosema ni kwamba asiyeijua ardhi hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili. Hupiga makofi tu, au hulia.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu, na walimu wa Jiografia waliomo miongoni mwenu, msisubiri fedha za kwenda Natron. Shule iliyo Kiomboi inaweza kuwapeleka vijana kwenye ukingo wa uwanda kwa miguu, wakaonyeshwa jinsi ardhi ilivyoshuka kuelekea Wembere. Iliyo Singida ina maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai mlangoni. Iliyo Babati inautazama mlima Kwaraa kila asubuhi. Ziara ya namna hiyo haihitaji dola hata moja, ila ratiba, maji ya kunywa na mwalimu aliyetangulia kuipita njia.

Kwa sasa daftari la mpwa wangu lina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni nauli, na jumla yake bado inatuzidi kidogo, kwa hiyo tutapunguza siku au tutaongeza mahindi ya kuuza. Ukurasa wa pili ni maswali atakayowauliza wenyeji wa Engaresero, wakiridhia kuzungumza: mlima ukianza kubadilika ninyi mnauona wapi kwanza, mnamwambia nani, na huyo mnayemwambia huwa anawajibu nini? Nimemwomba aliongeze swali hilo la mwisho, na tukirudi aende kuliuliza pia katika ofisi ya kijiji chetu.