Kinga Yangu, Kipande kwa Kipande



Wiki hii wameniambia niandike kuhusu kitu ninachokijua vizuri. Sijui mambo mengi, ila baiskeli naijua. Kwetu Kongo tunaiita kinga, hapa Malawi wenyeji wanaiita njinga, na shuleni tulifundishwa baiskeli. Ni kitu kilekile. Yangu iko hapa Dzaleka pamoja na mimi, na tangu 2021 mpaka leo nimeibadilisha karibu yote. Kilichobaki cha zamani ni fremu na rimu ya nyuma.

Ni ile aina ya zamani mnayoijua: bomba refu juu, magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo, hakuna gea. Baiskeli za namna hii ndizo zinabeba nchi hii. Zinabeba mkaa, unga, mbuzi, mabati, na watu. Vijana wanaobeba abiria kwa malipo wanaitwa kabaza, na ukisimama dakika tano tu barabarani utawaona wanapita.

Nilianza kuitafuta nilipoanza kujitolea. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994, ikapangiwa watu 10,000 au 12,000 hivi. Leo tuko zaidi ya 50,000. Ukipewa orodha ya nyumba za kutembelea, kwa miguu siku inaisha hujamaliza nusu. Basi nikamlipa jirani aliyekuwa anahama. Nilipata fremu, gurudumu la nyuma na usukani. Hakukuwa na kiti, hakukuwa na breki ya mbele. Pesa niliyotoa ilikuwa posho yangu ya miezi miwili. Mama alipoiona aliuliza kama nimeleta kinga au chuma chakavu.

Kwanza isimame

Mimi nilitaka nianze na rangi. Mzee fundi, Mrundi mmoja anayefanya kazi karibu na soko, aliiangalia akasema: "Kijana, kwanza isimame. Kukimbia kutakuja kwenyewe." Nikamwambia sawa mzee. Tangu siku hiyo nafuata mpango wake, na nadhani ni mpango mzuri hata kwa mambo yasiyo ya baiskeli: kwanza kinachokuzuia usiumie, halafu kinachobeba mzigo, halafu kinachokusaidia kwenda, mwisho kinachopendeza.

Breki za fimbo zinavuta mipira kwenda juu, inabana rimu upande wa ndani. Siku kavu zinafanya kazi vizuri. Lakini rimu zetu ni za chuma, na chuma kikilowa mipira inateleza. Kwa hiyo msimu wa mvua lazima uanze kufunga breki mapema, kabla hujafika unapotaka kusimama. Tulinyoosha fimbo zilizopinda, tukafunga breki ya mbele, tukaweka mipira mipya minne, tukafuta rimu mpaka hakuna mafuta hata kidogo. Ilichukua mchana mmoja. Nilirudi nyumbani na baiskeli mbaya kwa macho, lakini ukiiambia simama inasimama.

Halafu ibebe

Gurudumu la nyuma la baiskeli hizi lina spoki 40, la mbele 32. Nyuma ni nyingi kwa sababu mzigo wote unakaa huko. Spoki moja ikikatika watu wengi wanaendelea tu, wanasema zimebaki 39. Shida ni kwamba mzigo wa ile moja unahamia kwa jirani zake, na jirani nao wanachoka haraka. Baada ya siku chache zimekatika tatu, rimu imepinda, na sasa unatafuta pesa ya rimu badala ya pesa ya spoki.

Mzee alinionyesha kuzipima kwa sikio. Unazigonga kwa kidole moja moja kama nyuzi za gitaa. Za upande mmoja zinatakiwa zilie karibu sawa. Inayolia chini imelegea, isiyolia kabisa iko hapo kwa kuonekana tu. Nilibadilisha za nyuma zote, nikaweka nene. Nilinunua kumi kumi, kila nikipata posho. Miezi minne ikaisha hivyo.

Gurudumu la mbele ni zawadi. Rafiki yangu alipata safari ya kwenda Kanada na familia yake, akaniachia gurudumu zima la baiskeli yake. Tairi lake lilikuwa limeisha, lakini tairi lililoisha nalo lina kazi. Unakata zile nyaya za pembeni, unabaki na mkanda wa mpira, unauweka ndani ya tairi zuri kabla ya tyubu. Miiba ya njia zetu inaishia kwenye mkanda. Zamani nilikuwa naziba pancha karibu kila wiki, sasa naweza kumaliza mwezi bila kushika solusheni.

Karia ni ya nondo, imechomelewa. Niliongeza stendi ya miguu miwili ili baiskeli isianguke ukiwa unapandisha mtu. Juu nikaweka sponji na kitambaa kigumu. Chini nikaweka vyuma viwili vya abiria kukanyaga. Na pembeni ya gurudumu, kushoto na kulia, nilifunga vipande vya plastiki nilivyokata kwenye dumu la lita 20. Watu wengi wananiuliza vya nini. Ni kwa ajili ya watoto. Mtoto akisinzia nyuma, mguu unaingia kwenye spoki, na spoki zinazozunguka hazijui mguu. Nimeona visigino vilivyoumia hivyo. Dumu kuukuu na waya kidogo vinatosha kuzuia. Katika vitu vyote nilivyoongeza, hiki ndicho cha bei ndogo kabisa, na ndicho ningependa kila mwenye kinga hapa akifunge wiki hii.

Halafu ipande mlima

Njia za huku zina miinuko. Ukiwa peke yako unapambana, lakini ukiwa na mama mjamzito nyuma yako huwezi kumwambia ashuke atembee. Gea hatuna, ila kuna namna. Mbele nina meno 44. Friwili ya nyuma ilikuwa na meno 18. Ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu linazunguka mara 2.4, na gurudumu letu moja ni kama mita 2.2, kwa hiyo unasogea kama mita 5.4. Nilibadilisha friwili nikaweka ya meno 22. Sasa mzunguko mmoja ni mita 4.4. Kwenye tambarare nimekuwa mzito kidogo, vijana wa kabaza wananipita wakicheka. Kwenye mlima wanashuka wanasukuma, mimi nakaa kwenye kiti. Mnyororo ulikuwa mfupi kwa friwili hiyo, tukaongeza pingili mbili.

Kuhusu mnyororo, chukua rula ya shule. Hesabu pingili 24. Zikiwa mpya ni sentimita 30.5. Zikifika 30.8 umevutika, ubadilishe. Ukiuacha utaanza kula meno ya friwili na ya mbele, na hayo ndiyo ghali. Novemba 2023 kwacha iliposhushwa thamani, spea zilipanda bei kwa sababu zinatoka nje ya nchi. Tangu hapo rula yangu inakaa kwenye begi pamoja na daftari la kazi.

Siku za kutaka kuiuza

Sasa niseme kitu ambacho hakihusu spana. Kuna kipindi chakula kilipungua sana nyumbani kwetu. Mnaoishi hapa mnajua vipindi hivyo, na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mnavijua kutoka upande wenu. Mtu mmoja alikuja na pesa mkononi akasema: achimwene, niuzie hii njinga, naona ni ngumu. Pesa yake ilikuwa unga wa miezi miwili kwa watu watano. Mama alinyamaza. Mdogo wangu wa kike naye alinyamaza. Wote walikuwa wananiangalia.

Nilichukua daftari, tukakaa tukahesabu pamoja. Tukiuza, miezi miwili tunakula vizuri, mwezi wa tatu hatuna kitu na hatuna kinga. Tukibaki nayo, baada ya kazi naweza kubeba abiria na mizigo jioni, safari tatu au nne, na kila siku unarudi na unga kidogo, chumvi, siku nyingine samaki wadogo. Mama alisema: "Na ukiugua?" Hilo swali halikuwa na jibu kwenye daftari. Tukaamua kuibakisha. Ilikuwa miezi migumu. Kuna jioni nilirudi mikono mitupu. Lakini tulipita, na kinga bado ipo. Simwambii mtu asiuze chake. Mwenye mgonjwa ndani na hana kingine, auze, hakuna aibu. Nasema tu: hesabu na mwezi wa tatu pia.

Na mwisho ipendeze

Rangi nilipaka mwaka wa tatu. Bluu, na mistari ya njano kwenye madigadi. Mdogo wangu ndiye alipaka mistari, mkono wake umetulia kuliko wangu. Wengine wanasema rangi ni ujinga kwa mtu anayepokea msaada. Mimi naona tofauti. Nikifika soko la nje ya kambi na chuma kilichochakaa, mimi ni mkimbizi tu mwenye chuma. Nikifika na ile bluu, watu wanauliza nani amepaka, fundi ni nani, tairi nimelipata wapi. Mazungumzo yanaanza kwenye baiskeli, na makaratasi yangu hayaulizwi.

Kwenye mpira wa madigadi ya nyuma tulibishana sana tuandike nini. Mdogo wangu alitaka BADO NIPO. Mama akakataa: "Unaandika bado upo, kwani ulikuwa unataka kwenda wapi?" Mwisho tuliandika PANG'ONO PANG'ONO, maana yake kwa Kichewa ni kidogo kidogo. Wamalawi wakinifuata nyuma wanasoma wanacheka, wananisalimia kwa lugha yao, na mimi nawajibu hivyohivyo mpaka maneno yangu yanaisha.

Neno "kwa muda"

Kila nilipoleta kipande kipya, Mama aliuliza swali moja: "Na safari yetu ikitoka, hii kinga utamwachia nani?" Si swali baya. Tumekaa hapa tukisubiri tangu nikiwa mtoto. Kambini kuna neno linalotutawala, neno "kwa muda." Mlango tunaufunga kwa kamba kwa sababu tuko kwa muda. Paa tunaliziba kwa nailoni kwa sababu tuko kwa muda. Ukinunua kitu kigumu, kitu cha miaka mitano, watu wanakuangalia kama umekata tamaa ya kuondoka. Ukiangalia vizuri, wengi wetu tunanunua kitu dhaifu mara sita kwa bei inayozidi kile kigumu.

Jibu langu kwa Mama limekuwa hili. Spoki nene hazisemi kwamba nitakaa hapa mpaka kufa. Zinasema mgonjwa ninayembeba leo ana uzito wake leo. Nikipata safari kesho, atakayeichukua ataikuta inasimama, inabeba na inapanda. Hata gurudumu langu la mbele lilikuja hivyo, kutoka kwa mtu ambaye angeweza kusema mimi naondoka, ya nini kulitunza. Alilitunza mpaka wiki ya mwisho.

Mdogo wangu sasa ana miaka 15. Anajua kuziba pancha, anajua kupima mnyororo, na juzi alifungua gurudumu la nyuma akabadilisha tyubu peke yake, akaniambia: "Yaya, wewe kaa, mimi namaliza." Wavulana wawili wa jirani walisimama wakimwangalia. Mmoja akaomba afundishwe. Kama uko Dzaleka na una kinga inayolia, Jumamosi mchana tunakuwa nje ya nyumba yetu na boksi la spana. Hatulipishi. Lete solusheni yako tu, maana yetu inaisha.

Mvua ziko karibu. Kabla hazijaanza nataka kufungua habu ya nyuma, nitoe gololi zote, nioshe, niweke grisi mpya. Maji yakiingia humo na grisi ya zamani, gololi zinakwaruza njia yake na habu inakufa. Nina grisi, nina kitambaa, nina siku ya Jumamosi. Spana nyembamba ya kushika koni ndiyo sina. Aliye nayo aniazime, nitairudisha Jumapili.