Vikope

Lodwar, Jumanne 4 Juni

Joto hili, hakulaliki. Nimerudia zile kurasa za al-Shayzari wa Shamu, karne ya 12, ambamo anamwelekeza msimamizi wa soko. Tabibu wa macho apimwe kwa kitabu cha Hunayn ibn Ishaq kwanza, ndipo aruhusiwe kugusa mtu. Wa barabarani asiaminiwe: huchanganya wanga na gundi, akatia rangi, nyekundu, kijani, akauza dawa ya macho. Nilicheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kichupa cha dawa ya macho cha nyanya yangu, Ata. Kicheko kikakatika.

Kakuma, Alhamisi 6

Macho ya nyanya mekundu, yanatiririka. Kibano kinaning'inia katikati ya shanga zake. Nywele za kope zimegeukia ndani zinakwaruza mboni. Anazing'oa moja moja, zinaota tena, ngumu zaidi.

"Ata, hii dawa umetoa wapi?"

"Sokoni."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

Kichupa hakina lebo wala tarehe. Maji ya samawati! Nimekichukua. Amenuna mpaka jioni, hata chai yangu hakugusa.

Usiku, hapo hapo

Ali ibn Isa, Baghdad, karne ya 11. Aliorodhesha maradhi 130 ya jicho, na kope hizi zimo. Tiba zake: kuzibandika kwa utomvu. Kuzichoma. Kupasua kope yenyewe. Miaka elfu! Nilichokuwa nikisoma kama habari za kale kimelala hapo nje juu ya ngozi, kinakoroma.

Walichokosa wao ni azithromaisini, dawa ya vikope. Sisi tunayo, tunaigawa kijiji kwa kijiji. Maji ya kunawa uso je? Mto Tarach ni mchanga mtupu. Nzi wamejaa.

Ijumaa 7

Nimemweleza upasuaji. Ganzi, kope inageuzwa nje, inashonwa, basi.

"Jicho ni langu."

Sawa, Ata.

Mchana, bila kuniangalia, akauliza kama sindano huingia kwenye mboni. Haiingii, ni kwenye kope tu. Akanyamaza. Namjua: huko ni karibu kukubali. Au najidanganya.

Jumapili 9

Amekubali!! Kwa masharti, bila shaka. Jicho moja kwanza. Kibano hakitoki shingoni mpaka aone mwenyewe (haki yake). Na mbuzi nani atachunga? Mjomba. Mjomba naye anataka tumbaku, tena ya Lodwar, ya hapa eti haina nguvu.

Kichupa kiko begini, kinaenda kwa mkaguzi wa dawa. Nisisahau tumbaku.