Kompyuta Ikichoka, Tuipime Kabla ya Kuitibu

Akina mama wengi tunaokutana nao kliniki na kanisani wana kompyuta moja nyumbani, aghalabu ya mtumba, na nyumba nzima huitegemea hiyo hiyo. Siku inapoanza kujikokota, fundi husema, "Mama, ongeza RAM," na asipoona fedha mezani huongeza, "Au nunua mpya." Sisi tuliambiwa yote mawili katika duka moja, kabla hata mashine haijawashwa. Wodini hatungekubali mgonjwa aandikiwe dawa namna hiyo.

Kwetu jambo hili halikuwa dogo. Binti yetu anasoma Chuo Kikuu Huria, na masomo yake huyafungua kwenye kompyuta ile ile ya mezani ambayo sisi huandikia hesabu za kikundi cha akina mama na nyimbo za kwaya. Ilifika mahali anafungua somo, anakwenda kukoroga uji, anarudi na ukurasa haujafunguka. Tarehe ya kuwasilisha kazi yake ilikuwa imekaribia. Baba watoto alishauri tuchukue ada ya mdogo wake, tununue mashine mpya, halafu tutaona. Wenye kulipa ada mnajua hiyo "tutaona" huishia wapi.

Kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM, si mahali pa kuhifadhi picha za harusi. Picha hukaa kwenye diski. Wodini tuna toroli la kufungia vidonda na tuna stoo. Vifaa vya kazi ya sasa hukaa kwenye toroli. Likiwa dogo, muuguzi hukimbilia stoo kila baada ya bandeji moja, na mgonjwa anangoja. Kompyuta yenye RAM ndogo nayo hukimbilia diski, ambayo ni ya polepole zaidi, na ndipo unapoona taa yake ndogo ikiwaka bila kupumzika.

Kupima hakuhitaji fundi. Kwenye Windows 10 au 11, fungua kwanza vyote unavyovitumia siku ya kazi, kisha bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Ingia palipoandikwa Performance, halafu Memory. Yetu ilikuwa na GB 4, na ilisoma asilimia 93. Hapo kweli RAM ndiyo iliyozidiwa. Lakini muuguzi mwenzetu mwenye malalamiko yale yale alikuta mashine yake ya GB 8 inatumia nusu tu, huku diski imekwama kwenye asilimia 100. Kumwongezea RAM kungekuwa sawa na kumpa dawa ya malaria mtu aliyevunjika mguu. Aliondoa diski ya zamani ya kuzunguka, akaweka SSD, na mashine ikapona.

Ukurasa huo huonyesha pia sloti ngapi zimejaa. Yetu ilikuwa na mbili, moja wazi.

Hapa sasa ndipo fedha nyingi hupotelea. RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani hata kidogo. Kila aina ina pengo lake mahali pake, na ukiilazimisha utavunja. Tena ya kompyuta mpakato ni fupi kuliko ya mezani: DDR3 ya mezani ina pini 240, ya mpakato 204. Njia tuliyoiona bora ni kuzima mashine, kuchomoa waya wa umeme, kugusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini utoke, kuchomoa kipande kilichomo na kwenda nacho dukani, kama tunavyokwenda na kipande cha kitenge kutafuta uzi. Chetu kiliandikwa PC3-12800, yaani DDR3 ya kasi ya 1600. Ukiona PC3L, hiyo ni ya volti 1.35 badala ya 1.5, na zipo kompyuta mpakato zisizokubali nyingine. Ukiona herufi R mwishoni, kama PC3-12800R, irudishe hata ikiwa bei ni ya kutupa. Hiyo ni ya seva, na kompyuta ya kawaida ya nyumbani haitawaka nayo.

Kijana wetu alitaka tufikishe GB 16, kwa sababu ya michezo yake, ingawa hakuitaja. Tulikataa. Kwa masomo, barua na hesabu, GB 8 zinatutosha. Anayehariri video za harusi ana hoja nyingine. Tena bei za RAM mpya zilipanda sana duniani mwishoni mwa mwaka 2025, kwa sababu vituo vikubwa vya akili bandia vilizinunua kwa wingi. Tulinunua kipande kimoja cha GB 4 kilichotumika, sawa na cha kwanza, kwani vikiwa viwili vinavyolingana hufanya kazi kwa pamoja na kasi huongezeka kiasi. Tulimwomba muuzaji akijaribu mbele yetu. Alinung'unika, akakijaribu.

Angalieni pia kama Windows yenu ni ya biti 32. Hiyo ya nyumbani haivuki GB 4, hata mkiijaza RAM mpaka juu. Yetu ni ya biti 64.

Sasa mashine inasoma asilimia 58 masomo yakiwa wazi, na kazi ya binti ilikwenda siku mbili kabla ya tarehe. Ada haikuguswa. Lililobaki ni kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kichakato chetu ni cha zamani mno kwa Windows 11. RAM haitibu hilo. Binti anataka tujaribu Linux Mint, ambayo haina gharama. Baba watoto bado anataja mashine mpya, na tumekubaliana kulizungumza baada ya ada ya Januari.